Mto Wenu Una Afya? Jinsi Wakulima Wenyewe Wanavyoweza Kuyapima Maji



Asubuhi moja ya mwezi wa Mei, kabla sijafungua madaftari, alifika mzee mmoja katika ofisi yetu hapa Shimanzi. Alikuwa ametoka katika skimu upande wa milima ya Shimba, akapanda matatu ya alfajiri, akavuka feri ya Likoni, na mkononi alikuwa na chupa ya soda iliyofungwa kwa kitambaa. Aliiweka juu ya meza yangu akasema, "Mwanangu, ndama wangu wawili wamekufa. Haya ndiyo maji waliyokunywa. Niambie yana nini."

Niliitazama ile chupa. Maji yalikuwa maangavu, hayana tope wala povu. Nilifungua nikanusa, nikasikia harufu ya soda. Nilimwuliza yalitekwa lini, akasema juzi. Nilimwuliza ni nani aliye juu yake kwenye kijito, akanitajia jirani ambaye huosha bomba lake la dawa pale ng'ombe wanapovukia. Na kwa jinsi alivyolitamka jina lile nilijua kwamba shauri hili likiachwa hivyo litafika kwa chifu, au mahali pabaya kuliko kwa chifu.

Ilinibidi nimwambie kwamba chupa ile haiwezi kusema neno. Kwanza, ilikuwa na masalio ya soda. Pili, ilikaa siku mbili katika joto, na vijidudu vilivyomo ndani ya maji huzaliana au hufa chupa inapokaa. Tatu, maji yale ni ya dakika moja tu ya siku moja; kama dawa ilimwagwa kijitoni, maji yake yalikwisha kupita zamani yakaenda baharini. Na neno kubwa kuliko yote ni hili: hatukuwa na habari yo yote ya maji ya kijito kile katika siku za kawaida. Utajuaje kwamba maji yameharibika, ikiwa hujui yalivyokuwa kabla ya kuharibika?

Sikumcheka mzee. Zamani nilipokuwa nikifundisha shule, niliwahi kuwapeleka watoto mtoni kuteka maji ya kupimwa, tukatumia dumu lililowahi kutiwa mafuta ya taa. Matokeo yaliporudi yalionyesha mto una mafuta. Kijiji kizima kilimkasirikia mwenye mashine ya kusaga iliyokuwa ng'ambo, na ilichukua wiki mbili mimi kugundua kwamba kosa lilikuwa langu. Nilikwenda kumwomba radhi yule bwana mbele ya wazee. Tangu siku ile kila mtu anayeniletea maji namwuliza kwanza habari ya chupa.

Basi nimeona ni vema nieleze jinsi watu wa kawaida, wasio na maabara, wanavyoweza kuulinda mto wao kwa kuupima wenyewe mwezi baada ya mwezi. Kazi hii hufanywa kwa kujitolea katika nchi nyingi, na hapa kwetu Kenya imekwisha kujaribiwa.

MTO SI YALE MAJI TU

Watu wengi hudhani kwamba mto ni ule mfereji wenye maji. Lakini mto huanza juu ya bati la nyumba yako. Nchi yote ambayo mvua yake huishia katika mto mmoja huitwa bonde la mto ule, hata kama wewe unakaa mlimani na huoni maji yo yote. Ukifyeka kichaka, udongo hushuka. Ukijenga choo karibu na kijito, uchafu hushuka. Ukitia mbolea usiku wa kuamkia mvua kubwa, umelitia mbolea shamba la samaki.

Sisi wa Mombasa twapaswa kulijua jambo hili kuliko wengine, kwa sababu kisiwa hiki hakina mto. Visima vyake vingi vimechanganyika na chumvi ya bahari na maji ya vyoo. Maji tunayokunywa hutoka mbali. Chemchemi za Mzima, zilizo ndani ya mbuga ya Tsavo, hupata maji yake kutokana na mvua inayoingia katika mawe ya volkeno ya milima ya Chyulu. Bomba lake la kuja Mombasa, kiasi cha kilomita 220, lilijengwa katika miaka ya 1950. Chemchemi za Marere zi katika milima ya Shimba, karibu na mashamba ya baadhi yenu. Na visima vya Baricho vimechimbwa kando ya mto Sabaki.

Sasa ufuate huo Sabaki kwenda juu. Juu yake huitwa Galana, na juu zaidi huitwa Athi, na mto Nairobi humwaga humo maji yake pamoja na taka za jiji zima. Kwa hiyo mtu wa Mombasa anayefungua mfereji wa maji ya Baricho anakunywa maji ya bonde linaloanzia Ngong na Kikuyu, ingawa mchanga wa mto umeyachuja njiani. Wavuvi wa Malindi nao huyaona matokeo ya bonde hilo kwa macho: kila masika bahari yao hugeuka nyekundu kwa udongo wa mashamba ya bara. Na katika bonde la Mwache huko Kwale, ambako Serikali iliamua kujenga bwawa kubwa la maji ya Mombasa na Kwale, wahandisi walilazimika kufikiri habari ya udongo tangu mwanzo, maana bwawa hujaa tope kama vile sufuria hujaa ukoko.

Hata hapa Shimanzi nilipo twauona ushahidi. Kwa miaka mingi barabara ya Makupa iliyokuwa juu ya kifusi ilizuia maji ya bahari yasipite kati ya hori la Tudor na hori la Port Reitz, na jaa la Kibarani lilikuwa pale pale kando ya maji. Jaa hilo lilifungwa, na mwaka wa 2022 daraja jipya la Makupa likafunguliwa ili maji yapite tena.

WALIVYOFANYA WATU WA SONDU

Mwaka wa 2016 wataalamu walisimamisha vibao 13 vya kupimia kina cha maji katika bonde la mto Sondu-Miriu, ambao hutoka msitu wa Mau ukaingia ziwa Viktoria. Sehemu waliyoishughulikia ilikuwa na ukubwa wa kilomita za mraba 1,450. Kila kibao kilikuwa na alama za sentimita, na kando yake bango lililoeleza jinsi ya kusoma. Mpita njia ye yote aliombwa asome alama maji yalipofika, kisha atume namba hiyo kwa ujumbe mfupi wa simu. Papo hapo alipata jibu kwamba habari yake imefika.

Hawakuajiriwa watu. Ulifanywa mkutano mmoja wa kuwaeleza wenyeji wakati wa kusimamisha vibao, basi. Katika mwaka wa kwanza watu 124 walituma vipimo vilivyokubalika 1,175. Wataalamu walipochunguza waliona kwamba vipimo vya raia vilikuwa vya kuaminika kiasi cha kutosha, na kwamba ni wachache tu waliotuma mara kwa mara.

Ndugu, liangalie hilo neno la mwisho. Watu 124 walituma, lakini kazi ilibebwa na wachache. Mwanzo wa jambo kila mtu hupenda kuwamo. Baada ya miezi mitatu hubaki yule anayepita pale kila siku akienda kukama au kuteka maji. Kwa hiyo mkichagua wapimaji msichague wanaosema sana mkutanoni. Mchague ambao njia yao inapita mtoni.

Watu wa Sondu walipima kina tu, hawakupima uchafu. Kupima uchafu kunataka vitu vichache zaidi, lakini si vingi.

VIPIMO VYENYEWE

Kipimo cha kwanza ni cha tope. Pata bomba la plastiki linaloonyesha ndani, lenye urefu wa mita moja hivi, liziba chini, na katika kizibo chora duara lenye robo nyeusi na robo nyeupe. Mimina maji ya mto polepole huku ukichungulia kutoka juu. Alama inapopotea machoni, acha kumimina, pima kwa futi kamba maji yamefika sentimita ngapi. Namba kubwa maana yake maji ni safi. Namba ndogo, tope ni nyingi. Simama kivulini, uvue miwani ya jua. Maarifa haya ni ya zamani: mwaka wa 1865 padre mmoja wa Italia, Angelo Secchi, alishusha sahani nyeupe katika bahari ya Mediterania akapima inapotelea wapi, na mpaka leo mabaharia na wanasayansi hutumia sahani ya namna hiyo.

Cha pili ni joto la maji, kwa kipimajoto cha kawaida. Maji yenye joto hubeba hewa kidogo, na samaki huvuta hewa iliyo ndani ya maji. Miti ya kando ikikatwa, joto hupanda. Upime saa ile ile kila mara. Ukipima leo saa moja asubuhi na mwezi ujao saa nane mchana, utakuwa umepima jua.

Cha tatu ni kinyesi. Hapa ndipo penye hatari kubwa kwa watoto wetu. Maji ya kunywa hayatakiwi kuwa na hata kijidudu kimoja cha kinyesi katika mililita 100. Iko chupa ndogo yenye karatasi iliyotiwa dawa, iliyobuniwa India na kutangazwa mwaka wa 1982; maji hutiwa humo, chupa huwekwa mahali penye joto, na kama baada ya siku moja au mbili maji yanageuka meusi, yaelekea kinyesi kimeingia. Joto letu la pwani linaifaa sana. Chupa hiyo haisemi kinyesi ni kingi kiasi gani, wala kama ni cha mtu au cha ng'ombe. Inasema tu kwamba kuna jambo la kuchunguzwa. Ikiwa nyeusi, msingoje barua ya ofisi: maji ya kunywa yachemshwe au yatiwe dawa siku ile ile.

Dawa za wadudu na za kupe hazionekani kwa vipimo hivi hata kidogo. Hizo hutaka maabara, na Mkemia Mkuu wa Serikali ana ofisi Mombasa. Lakini maabara ni ghali, na haifai kupeleka chupa kwa kubahatisha. Mpimaji wa kijiji kazi yake ni kujua ni lini na wapi chupa ya maabara itekwe.

WADUDU HUSEMA YALIYOPITA

Nilisema kwamba chupa hutoa habari ya dakika moja. Wako mashahidi wengine wanaokaa mtoni mchana na usiku, miezi kwa miezi, nao ni wadudu wadogo walio chini ya mawe na katika majani ya kando. Baadhi yao hawawezi kabisa kuvumilia uchafu. Wengine hustawi ndani yake. Kwa hiyo ukiwajua walioko na waliotoweka, unajua hali ya mto ya wiki zilizopita.

Katika Afrika ya Kusini wametengeneza kipimo cha watu wa kawaida kiitwacho miniSASS, chenye makundi 13 ya wadudu, kila kundi na alama zake. Yule mwenye mikia miwili anayeng'ang'ania mawe katika maji yaendayo kasi ana alama 17, kwa sababu uchafu kidogo tu humwua. Wale wenye mikia mitatu na mashavu ya kupumulia kando ya tumbo, wengi wao wana alama 11. Mnyoo anayejijengea nyumba ya vijiti au mchanga ana 9. Kaa na kamba wana 6, na mtoto wa kereng'ende 6 vile vile. Mbawakawa na kunguni wa maji 5, konokono 4. Ruba ana 2, minyoo 2, na viluwiluwi vya mbu na vya nzi 2.

Namna ya kuhesabu ni hii. Unachota kwa wavu mdogo, au hata chujio la chai lililofungwa kwenye mti, unamimina katika sinia jeupe, unatazama makundi yaliyomo. Hujali wako wangapi; unajali ni makundi gani. Jumlisha alama, gawanya kwa idadi ya makundi. Tuseme umepata kaa, kereng'ende, mbawakawa, konokono na ruba: 6 na 6 na 5 na 4 na 2 ni 23, gawanya kwa 5, ni 4.6. Huo ni mto mgonjwa. Mahali pengine umepata kaa, kereng'ende, mbawakawa, mwenye mikia mitatu na mjenzi wa nyumba: 6 na 6 na 5 na 11 na 9 ni 37, gawanya kwa 5, ni 7.4. Hapo mto una afya njema.

Alama hizi zilipangwa kwa mito ya huko kusini. Watanzania walichukua mfano wa kipimo kikubwa cha Afrika ya Kusini wakatengeneza cha kwao, kiitwacho TARISS, kwa kuwa wadudu wa nchi moja si wale wale wa nchi nyingine. Kwa hiyo ninyi msishindane na mito ya watu. Mlinganishe mto wenu na mto wenu: hapa na pale, mwezi huu na mwezi uliopita.

Katika kazi hii wanafunzi huwashinda wazazi. Macho yao ni makali, nao hawachoki kutazama sinia. Lakini asiingie mtoto majini katika vijito vya Kwale na Kilifi bila buti za mpira, kwa sababu ya kichocho, ambacho hukaa ndani ya konokono kabla ya kumwingia mtu. Na penye mamba msipime wadudu kabisa.

JUU NA CHINI

Kama mngeniambia nichague neno moja tu katika haya yote, ningechagua hili: pimeni mahali pawili, juu ya panaposhukiwa na chini yake, siku ile ile. Kipimo kimoja huleta ugomvi. Vipimo viwili huonyesha njia.

Tuseme maji yako ni machafu, nawe unamshuku aliye juu yako. Mkipima juu ya shamba lake mkakuta ni machafu vile vile, yeye naye ni mwenye kudhulumiwa kama wewe, na uchafu unatoka mbele zaidi. Mara ngapi majirani wamenuniana mwaka mzima kwa kosa la josho la ng'ombe lililo maili mbili juu yao wote wawili!

Katika kuteka, simama ukiuelekea mkondo ili tope unayoitibua iende nyuma yako. Chupa ya maji ya kawaida isuuzwe mara tatu kwa maji ya mto ule ule. Chupa ya kupimia kinyesi isisuuzwe. Ichemshwe nyumbani, ifungwe, ifunguliwe mtoni tu, na vidole visiguse mdomo wake. Ikiwa inakwenda maabara ikae kivulini penye baridi, na ifike kabla ya saa sita kupita tangu kutekwa. Andika papo hapo: tarehe, saa, mahali, mvua ilinyesha lini, nani amepima. Usiandike kwa kukumbuka jioni, na ukikosa kupima mwezi mmoja acha nafasi tupu. Nafasi tupu haina aibu. Namba ya kubuni huharibu daftari zima.

DAFTARI LIENDE WAPI

Sheria ya Maji ya 2016 inatambua vyama vya watumiaji maji vya kila bonde, vinavyofanya kazi pamoja na Mamlaka ya Rasilimali za Maji. Kama bonde lenu lina chama, daftari likae huko, na nakala iende kwa afisa wa kilimo. Namba zenu peke yake hazitamtia mtu hatiani mahakamani. Ila afisa akiona namba za miezi 8 zimetulia na ya mwezi wa tisa imeanguka, ana sababu ya kuja na chupa za maabara, na anajua asimame wapi.

Najua kuna wanaoogopa. Mkulima mmoja aliniambia waziwazi, "Nikipima, Serikali itakuja kupima ukingo, na mahindi yangu yako ukingoni." Ni kweli kwamba ukingo wa mto una sheria, kanuni za maji za mwaka wa 2007 zilitaja mita 6 kwa uchache na 30 kwa wingi, kwa kufuata upana wa mto. Lakini sheria hiyo haikungoja daftari lako. Na yeye mwenyewe alikiri kwamba masika iliyopita mto ulimlia mistari minne ya mahindi pamoja na udongo wake. Nilimshauri apande matete au majani ya tembo katika ukanda ule, akate awape ng'ombe. Hajanijibu bado.

Na yule mzee wa chupa ya soda? Habari ya ndama nilimwelekeza kwa daktari wa mifugo, maana ndama wana njia nyingi za kufa zisizo na maji ndani yake. Kwa habari ya kijito nilimpa daftari la kurasa 48, nikamwomba jambo moja gumu: kwamba mpimaji wa pili awe yule yule jirani yake wa juu. Alinyamaza kitambo, akaangalia dirishani. Kisha akauliza kama jirani atakuja na kalamu yake mwenyewe.

Mkitaka kuanza, anzeni wakati wa kiangazi, kabla mvua za masika hazijafika, ili mpate angalau vipimo viwili vya maji yaliyotulia. Mvua ya kwanza kubwa ikinyesha, pimeni kesho yake asubuhi, maana hiyo ndiyo inayosomba vyote vilivyokusanyika mashambani, barabarani na vyooni tangu vuli.

Karani, Ofisi ya Kilimo, Shimanzi